Ujira wa Mchongaji: Kigogo, Kitabu Teule na Mkate wa Msanii

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya umezoea kuuliza swali la tabaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akipewa tamthilia yoyote, hakawii kutuonyesha nani mnyonyaji na nani mnyonywaji, nani kibaraka na nani mzalendo. Mazoea hayo tuliyarithi katika miongo ya sabini na themanini, wakati nadharia ya Kimaksi ilipokuwa imeshika hatamu za madarasa yetu, na hayajatutoka hata baada ya wengi wetu kuhamia nadharia nyingine. Hata hivyo, swali hilo tumeliuliza ndani ya jalada tu. Tumeuchunguza mshahara wa mhusika bila kuuchunguza ujira wa aliyemuumba mhusika huyo, wala wa kijana anayepanda jukwaani kumpa mhusika huyo sauti na mwili. Ni kana kwamba kazi ya sanaa imetengenezwa mahali pasipo na kodi ya nyumba wala nauli.

Makala haya yanakusudia kulitoa swali hilo nje ya jalada na kisha kulirudisha ndani. Tamthilia tutakayoitegemea ni Kigogo ya Pauline Kea, iliyoteuliwa kutahiniwa katika mtihani wa KCSE kuanzia 2018. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa tamthilia chache za Kiswahili ambamo msanii ni mfanyakazi anayeonekana akifanya kazi yake, na ambamo malipo ya kazi hiyo ni kiini cha mgogoro. Pili, kwa kuwa ilikuwa kitabu teule, tamthilia hii iliingia katika soko kubwa kuliko yote ambayo fasihi ya Kiswahili inayo katika nchi hii, nalo soko hilo lina wachongaji wake. Dai letu ni kwamba Kigogo inajua jambo moja kuhusu kipato cha msanii ambalo wahakiki wake, nasi tukiwamo, tumelipita bila kulitazama.

Yafaa tuanze na Marx mwenyewe, maana wanafunzi wetu humtaja mno na kumsoma kidogo. Katika maandishi yake kuhusu thamani ya ziada, Marx anautumia mfano wa Milton, aliyeupata ujira wa pauni 5 kwa utenzi wake wa Paradise Lost, na mfano wa mwimbaji. Mwimbaji anayeuuza wimbo wake mwenyewe, anasema, si mfanyakazi mzalishaji kwa maana ya ubepari. Lakini mwimbaji yule yule, kwa wimbo ule ule, akiajiriwa na tajiri aimbe ili tajiri apate faida, huwa mfanyakazi mzalishaji. Kilichobadilika hapo ni uhusiano. Sauti ni ile ile. Basi, kwa mtazamo huu, si sahihi kulizungumzia kundi moja liitwalo “wasanii” kana kwamba wote wamesimama mahali pamoja. Yupo anayeandika kwa starehe ya mshahara unaotoka kwingine, yupo anayeuza kazi yake sokoni, na yupo anayeuza siku yake kwa mwingine anayeiuza kazi. Watatu hao wanaweza kuwa wamesoma darasa moja na kupewa shahada siku moja.

Bourdieu, mwanasosholojia Mfaransa, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu kanuni za sanaa, aliongeza jambo linalotufaa zaidi. Alionyesha kuwa katika uwanja wa sanaa uchumi hugeuzwa juu chini: asiyetafuta faida ndiye anayetukuzwa, na anayeishi kwa kazi yake hushukiwa. Lakini kutotafuta faida kunahitaji kitu cha kukutegemeza wakati unapongoja. Mwenye urithi anaweza kungoja miaka kumi hadi jina lake litambulike. Asiye nao hawezi kungoja hata mwisho wa mwezi. Kwa hiyo usafi wa sanaa, unaodhaniwa kuwa ni jambo la moyo, mara nyingi ni jambo la mfuko.

Mtu anaweza kusema kuwa Bourdieu aliitazama Paris ya karne ya kumi na tisa, na kwamba Pwani yetu ina mambo yake. Ni kweli, ina mambo yake, na mambo hayo yanamuunga mkono kuliko alivyojua. Katika jamii ya kale ya Waswahili, mtunzi wa mashairi wa tabaka la waungwana hakuishi kwa mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa mfanyabiashara. Shairi lake lilikuwa silaha ya siasa, mazungumzo na mapenzi, wala halikuwa duka lake. Desturi hiyo haijafa. Huko Lamu, Ustadh Mahmoud Abdulkadir, maarufu kwa jina la Mau, ambaye Wasiya wa Mabanati wake wa 1974 ulienea kote kaskazini mwa Pwani, aliipata riziki yake kwa kuoka mikate. Heshima ya mtunzi imekaa hapo: ana kazi nyingine. Tungo zake hutolewa kwa harusi, kwa msiba, kwa nasaha, na anayezipokea hushukuru.

Upande wa pili wa desturi hiyo ulikuwa na watu wengine. Waliocheza ngoma, waliopiga zumari na walioimba mbele ya hadhara wakitunzwa kwa fedha, aghalabu walikuwa watu wa tabaka la chini, na wengi walikuwa wa nasaba ya utumwa. Kupokea tuzo mkononi kulikuwa alama ya hali yao. Kwa hiyo mpaka uliotenganisha mtunzi na mwimbaji haukuwa mpaka wa vipaji. Ulikuwa mpaka wa anayelipwa na asiyehitaji kulipwa, na uliambatana na mpaka wa mungwana na mtumwa.

Siti binti Saad aliuvuka mpaka huo, na ndiyo maana maisha yake yanafaa kusomwa upya kwa jicho la kipato. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia ya nasaba ya utumwa. Alifinyanga vyungu na kuvichuukuza mjini kabla ya kuhamia huko na kujifunza uimbaji. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, wakawa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kuuzwa katika Afrika Mashariki nzima. Hapo ndipo mfano wa Marx unapotimia: mwimbaji aliyekuwa akitunzwa na hadhira yake sasa anaimba ili kampuni ya santuri ipate faida. Na waliomhusudu walimkejeli kwa nini? Walimkejeli kwa umaskini wake wa zamani na vyungu vyake. Kejeli yenyewe ni ushahidi kuwa kosa lake, machoni pao, lilikuwa kupanda ngazi kwa sanaa, jambo ambalo sanaa haikutarajiwa kumfanyia mtu wa asili yake.

Aliyetuandikia wasifu wake ni Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Anakueleza kupanda kwa Siti kama ushindi wa kipaji na tabia njema juu ya nasaba na sura. Ni simulizi nzuri, na hatuna nia ya kuibeza. Lakini tunaona kuwa mwandishi mwenye mshahara anavutiwa na tabia ya mwimbaji kuliko mikataba yake. Ya santuri yapo, na ya safari yapo. Ya mgawanyo wa mapato baina ya kampuni, mwimbaji na wapigaji wa vyombo vyake hayasumbui kalamu. Ni ule mpaka wa zamani tena, safari hii ndani ya kitabu.

Wimbo wa Malaika hauhitaji zaidi ya aya moja hapa. Maudhui yake ni kijana asiyeweza kumwoa ampendaye kwa kuwa hana mahari, na wimbo huo ukaimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, na mwaka 1981 na kundi la Boney M, huku watu wa Kenya na Tanzania wakibishana hadi leo kama mtunzi wake ni Fadhili William, aliyefariki 2001, au Adam Salim. Mabishano hayo ya nani mtunzi yangekuwa mepesi kama hakungekuwa na fedha ndani yake.

Sasa tuingie Sagamoyo.

Kigogo inafunguliwa katika karakana. Sudi, Boza na Kombe ni wachongaji katika soko la Chapakazi, na nchi inajiandaa kuadhimisha miaka 60 ya uhuru. Mtawala Majoka anataka kinyago cha shujaa anayemtaka yeye, na Kenga, mshauri wake mkuu, ndiye anayekuja kuleta maagizo, ahadi ya fedha na keki ya sherehe. Sudi anakataa. Hachongi kinyago cha serikali, na keki anaiona kuwa makombo. Anaendelea na kinyago chake mwenyewe, cha shujaa anayemwona kuwa wa kweli, naye ni mwanamke. Boza haoni sababu ya kukataa kazi inayolipa.

Uhakiki wa kawaida, ule unaofundishwa katika shule zetu na kuchapishwa katika miongozo, unasimama hapa na kutoa hukumu. Sudi ni jasiri, mzalendo, mwenye msimamo thabiti. Boza ni kibaraka, msaliti, mwenye tamaa. Mwanafunzi huandika sifa hizo, hutoa ithibati, hupewa alama zake. Hatusemi kuwa sifa hizo ni za uongo. Tunachosema ni kwamba zimepimwa kwa mizani yenye sahani moja. Wote wawili wanachonga kwa patasi na tupa za aina moja, soko moja, wateja wale wale. Tofauti ya kimaadili baina yao imewekwa juu ya usawa wa kiuchumi ambao haukuchunguzwa. Je, kukataa kwa Sudi kunagharimu nini, na nani anayeilipa gharama hiyo?

Tamthilia yenyewe inajibu, na inajibu kwa ukali ambao miongozo haikuusikia. Anayelipa ni Ashua. Mkewe Sudi ni mwanamke aliyesoma, mwenye sifa za kuajiriwa, naye amekataa kufanya kazi chini ya Majoka kama mumewe alivyokataa. Lakini watoto wana njaa. Ni Ashua, si Sudi, anayekwenda katika ofisi ya mtawala kuomba msaada. Huko anakutana na tamaa ya Majoka, kisha na hasira ya Husda, mkewe Majoka, na mwisho wake ni gereza. Kifungo chake kinakuwa mtego wa kumlazimisha mchongaji achonge. Na pale gerezani, Sudi anapomwendea, Ashua hamsifu kwa msimamo wake. Anataka talaka.

Onyesho hilo, kwa maoni yetu, ndilo kilele cha kweli cha tamthilia, ijapokuwa mtiririko wa vitushi unakiweka kwingine. Aghalabu wanafunzi hulisoma kama udhaifu wa Ashua. Huambiwa kuwa amekata tamaa, kwamba ameshindwa kuvumilia, kwamba si kama Tunu. Lakini tuitazame hali hiyo kama hesabu. Msanii amekataa fedha chafu. Hatua hiyo ni ya haki na inampa jina. Jina linakwenda kwake. Deni linakwenda nyumbani. Sanaa safi ya Sudi inategemezwa na kazi ya mtu ambaye hachongi chochote, kama vile sanaa safi ya Muyaka ilivyotegemezwa na biashara yake na ya Shaaban Robert na ukarani wake. Tofauti ni kuwa Sudi hana biashara wala ukarani. Ana mke. Talaka anayoitaka Ashua ni hati ya madai inayoletwa kwa mdaiwa asiyejua kuwa anadaiwa.

Soma vilevile habari za Asiya, mkewe Boza, anayepika pombe haramu na ambaye ndiye anayeupata mradi wa kuoka keki ya sherehe. Uhakiki wa mizani moja humweka katika orodha ya waovu, na ni kweli kuwa pombe yake inaangamiza watu wa Sagamoyo. Lakini tazama jinsi Kea alivyozipanga nyumba mbili za wachongaji. Katika kila nyumba, mapato ya patasi hayatoshi, na ni mwanamke anayelijaza pengo: mmoja kwa kuomba, mwingine kwa kupika. Mwandishi hakuandika nyumba ya shujaa na nyumba ya msaliti peke yake. Ameandika nyumba mbili za kazi ya sanaa isiyolipa. Ulinganifu huo ni wa kisanaa hasa, na hauwezi kuonekana kama mtu anatafuta sifa za wahusika mmoja mmoja.

Kuna kasoro katika tamthilia, na ni haki itajwe. Umma unapomshinda Majoka na askari Kingi anapokataa kuwafyatulia watu risasi, swali la ujira linasahauliwa. Tunapewa uhuru wa pili wa Sagamoyo, lakini hatuambiwi nani atanunua vinyago. Kea hapa amefuata mkondo wa tamthilia nyingi za kimapinduzi za Kiswahili, ambamo anguko la mtawala hudhaniwa kuwa limemaliza matatizo yote, hata yale ambayo mtawala hakuyaanzisha. Soko la Chapakazi likifunguliwa tena, Sudi atarudi katika karakana na kinyago cha mwanamke shujaa mkononi. Ni kinyago bora. Nani ana fedha ya kukinunua?

Tukiliacha swali hilo jukwaani tutakuwa tumelifanyia tamthilia isilofanyiwa na soko lenyewe, kwani Kigogo ilipata mnunuzi. Mnunuzi huyo ni mtihani. Katika Kenya, kitabu cha fasihi ya Kiswahili kisichoteuliwa huuzwa kwa mamia kwa shida. Kilichoteuliwa huingia mikononi mwa maelfu kwa maelfu ya watahiniwa, mwaka baada ya mwaka, hadi kibadilishwe. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, Kidagaa Kimemwozea yake, Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Chozi la Heri ya Assumpta Matei: hizi ndizo kazi ambazo raia wa kawaida anazitaja akiulizwa fasihi ya Kiswahili ni nini. Kwa hiyo kamati ya uteuzi ina nguvu ambazo hakuna mhakiki aliye nazo. Inaamua nani atasomwa, na pia nani atalipwa.

Na nani hulipwa? Mwandishi hupata mrabaha wake, ambao kwa desturi ya wachapishaji wetu huwa karibu asilimia 10 ya bei, kabla maharamia hawajaipiga chapa nakala yao na kuiuza barabarani. Mchapishaji hupata sehemu yake, na muuza vitabu yake. Kisha huja waandishi wa miongozo. Hapa yafaa tuseme waziwazi jambo ambalo sote katika idara hizi tunalijua: mwongozo wa kitabu teule unaweza kumpa mwandishi wake fedha ambazo makala kumi katika jarida kama hili hazitampa. Jarida hili halimlipi mwandishi hata senti moja. Hatulalamiki, kwa kuwa mshahara wa chuo kikuu unatuwezesha kuandika bure na kupandishwa cheo kwa maandishi hayo. Tu waungwana wa kisasa. Tuna kazi nyingine.

Mwisho wa msururu yupo mwigizaji. Kila mhula, makundi ya vijana huzunguka katika shule za upili na kumbi za miji wakiigiza vitabu teule mbele ya watahiniwa. Wanafunzi hulipa kiingilio kidogo, au shule hulipa kwa jumla; siku moja kundi linaweza kuonyesha mara mbili katika shule mbili, likasafiri usiku kwa gari la kukodi, likaamkia kaunti nyingine. Wengi katika makundi hayo ni wahitimu wa vyuo vikuu vyetu, wa sanaa za maonyesho, wa fasihi, wa muziki, wa Kiswahili. Hulipwa kwa onyesho. Asiyepanda jukwaani siku hiyo halipwi siku hiyo, na likizo za shule ni miezi mitupu. Hawana mkataba wa maandishi. Wengi hawana bima wala akiba ya uzeeni. Kwa lugha isiyopambwa, ni vibarua. Kijana anayemwigiza Sudi akikataa fedha za Kenga mbele ya wanafunzi mia tano hana uwezo wa kukataa onyesho la kesho.

Yawezekana mtu akasema kuwa hali hii ni ya vijana wote wa Kenya, si ya wasanii peke yao. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini historia ya ajira ya wahitimu wetu ina sura yake. Hadi mwishoni mwa miaka ya tisini, mhitimu wa shahada ya elimu mwenye Kiswahili na fasihi aliajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu karibu moja kwa moja. Mwaka 1998 serikali iliusimamisha utaratibu huo, na tangu hapo ualimu umekuwa foleni. Wakati huo huo vyuo vikuu viliongeza udahili na kufungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia. Tukawatoa wahitimu wengi zaidi katika uwanja wenye nafasi chache zaidi. Ualimu ulikuwa ndio ile “kazi nyingine” ya msanii wa tabaka la kati: mchana darasani, usiku akiandika. Ulipoanza kukosekana, kilichopotea hakikuwa ajira tu. Kilipotea kile kilichomwezesha mwandishi chipukizi kungoja.

Matokeo yake ni mgawanyiko baina ya wanafunzi wetu wenyewe, nasi tunauona lakini hatuuandikii. Wawili wanahitimu pamoja, vipaji vyao sawa. Mmoja ana wazazi Nairobi, ana chumba asichokilipia kodi. Anaweza kukubali miezi sita ya mazoezi ya tamthilia bila malipo, akafahamiana na watayarishaji, akapata nafasi katika filamu au tangazo la biashara. Mwingine ametoka mashambani, ana wadogo zake anaowalipia karo, chumba chake kinadaiwa kila tarehe tano. Huyu atachukua onyesho la kitabu teule, kisha jingine, kisha kazi ya kuuza simu. Baada ya miaka mitano tutamtaja wa kwanza katika mihadhara yetu kama mfano wa kipaji kilichochanua, na wa pili tutasema aliiacha sanaa. Kipaji hakikuwa na neno katika jambo hilo.

Kwa wasichana hesabu ni mbaya zaidi, na Kea alilijua hilo alipomwandika Ashua katika ofisi ya Majoka. Tamthilia nyingi teule zina wahusika wa kike wachache kuliko wa kiume, hivyo nafasi za kulipwa ni chache. Na pale ambapo nafasi hutolewa na mtu mmoja kwa mdomo, bila mkataba, anayeomba nafasi yuko mahali pale pale alipokuwa Ashua. Hatuhitaji kutaja mtu. Kila mwalimu wa sanaa za maonyesho amewahi kuletewa habari za namna hiyo na mwanafunzi wake wa zamani.

Sheria haijakaa kimya kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na marekebisho yake ya 2019, iliupa muziki ulinzi zaidi. Marekebisho hayo yaliagiza kwamba katika mapato ya nyimbo za mlio wa simu msanii apate angalau asilimia 52. Lakini angalia ni nani anayelindwa. Ni mwenye hakimiliki. Mwigizaji wa Kigogo hakuandika Kigogo, na onyesho lake shuleni halirekodiwi wala halichezwi tena. Linaisha kengele inapolia. Katika sheria, kama katika desturi ya Pwani ya kale, anayetunga ana kitu cha kumiliki, na anayetumbuiza ana tuzo ya siku ile.

Lipo pia jambo linalomhusu mhakiki moja kwa moja, nalo ni jinsi ujira unavyoiandika upya matini. Kigogo ina wahusika wengi. Kundi la vibarua haliwezi kuwabeba wote, kwa kuwa kila mhusika ni mdomo wa kulishwa na kiti cha gari. Mtayarishaji huchagua: mwigizaji mmoja abebe nafasi mbili, onyesho hili lifupishwe, lile liachwe. Kinachobaki ni kile ambacho mtahini anaweza kukiuliza, na mtahini huuliza ujasiri wa Sudi na udhalimu wa Majoka. Onyesho la gerezani, lenye watu wawili wanaozungumza bila kelele wala mapigano, ni rahisi kulipunguza. Kwa njia hii hesabu ya mtayarishaji hukutana na hukumu ya mwongozo, na sauti ya Ashua hunyamazishwa na umaskini wa wale wale wanaoiigiza. Mtu asiyejua nani analipwa kiasi gani atadhani kuwa hilo ni suala la ufasiri tu.

Mtaala wa Umilisi uliozinduliwa 2017 umeweka Sanaa na Michezo kuwa mkondo kamili katika shule ya upili ya juu, sawa na sayansi na masomo ya jamii. Idara zetu zimeufurahia uamuzi huo, na zimeanza kuandika mihtasari ya kozi. Tumeipitia baadhi yake. Mna nadharia za uigizaji, historia ya tamthilia, uhakiki, hata ujasiriamali wa sanaa, ambao ni jina jipya la kumwambia kijana ajitafutie. Hatukuona popote mkataba wa mwigizaji ukisomwa kama matini, wala mgawanyo wa mapato ya onyesho moja la shule ukichambuliwa kama tunavyochambua beti. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada angeweza kuanza na jambo dogo: achukue kundi moja, mhula mmoja, tamthilia moja teule, aandike ni maonyesho yapi yaliyokatwa, nani aliyebeba nafasi mbili, na kila mmoja alirudi nyumbani na shilingi ngapi. Ziko tasnifu nyingi kuhusu taswira ya mwanamke. Hiyo ya Ashua na wanaomwigiza bado haijaandikwa, na sasa shule zimeingia katika Bembea ya Maisha. Makundi yaliyokuwa yakizunguka na Kigogo yanakariri maneno mengine.